Karoti ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu imekanyagwa na Meneja, na Meneja ana kilo mia sita. Iliyobaki naweza kukutumia kwenye bahasha kama unga.

Ndiyo, Meneja yuleyule aliyemwangusha kaka. Bado yupo, bado anamtazama kila mtu kama aliyechelewa kazini, na mimi bado ndiye ninayempanda. Sasa wifi, nimefika shingoni. Ana miaka kumi na minne na ubavu wake wa kushoto umekakamaa. Mchezo wetu, kwa wewe usioujua, si wa mbio. Ni wa madaha: unaingia kwenye uwanja wa mchanga peke yako na farasi wako, waamuzi watatu wamekaa, na kila duara, kila hatua, hata namna ya kusimama inapewa alama. Kulia Meneja anajipinda vizuri. Kushoto anakwenda kama meza inayosukumwa.

Kocha ana dawa yake. Kabla ya kumpanda anapitisha kamba kutoka kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, hadi chini ya kifua, anaivuta mpaka kidevu kinagusa kifua, halafu anamzungusha hivyo nusu saa. Anasema kichwa kikilegea, mwili utafuata. Juzi niliona jicho la Meneja limegeuka jeupe, nikaifungua ile kamba mbele ya watu. Kocha akaniambia, "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekauka, na mimi ndiye ninayejua kumkunja." Nikamjibu jambo ambalo siliandiki hapa.

Mwenye farasi akaitwa. Mama yule hana maneno mengi. Alisema, "Mwandae wewe mwenyewe, kwa njia yako. Tarehe kumi Mei kuna mashindano. Akipata sitini kwa mia, atabaki. Asipopata, Jumatatu yake lori linakuja kumchukua." Sikuuliza lori linampeleka wapi. Farasi mkongwe asiyejipinda hana wanunuzi wengi, na wanaomtaka wanamtaka kwa kilo.

Wewe ndiye mtaalamu wa viungo ninayemjua. Unamlegezaje mzee aliyekakamaa na asiyetaka kuguswa? Nijibu upesi. Na kaka asijue. Unakumbuka alivyoniambia pale kitandani hospitali, nichague yeye au farasi. Nilinyamaza, na kunyamaza nako ni jibu. Miaka mitatu sasa tunasalimiana kupitia kwako.

Wifi yako wa mazizini

*

Jumanne, 11 Machi

Wifi,

Mimi hata mbuzi namwogopa, na wewe unaniletea mgonjwa wa kilo mia sita. Haya, tujaribu.

Kwanza hiyo kamba. Ukimvuta mtu shingo kwa nguvu, misuli inafanya kazi moja tu: inajikaza ili isikatike. Unaweza kumvuta mwaka mzima, ukapata shingo iliyojikunja kwa woga na mgongo mgumu kama ubao wa kupigia pasi. Kwa hiyo wewe mgomvi mkubwa hapo ulikuwa na haki, ingawa nina hakika ulikosa adabu.

Nilikuwa na fundi seremala, mzee mkali, shingo yake haikugeuka kushoto kabisa. Nikimgusa ananguruma. Basi nikahamisha kiti changu nikakaa upande wake wa kushoto, nikaanza kumsimulia mambo ya useremala, na kila jambo nililikosea kusudi. Nikasema mlango huanza kupigwa rangi ndipo ukapigwa randa. Alivumilia kidogo, kisha akageuka mzima kunitazama mjinga huyu ni nani. Nikahesabu kumi kabla hajakumbuka kwamba hawezi kugeuka.

Ndiyo siri yote. Usimvute, mpe sababu ya kugeuka mwenyewe. Farasi sidhani kama anajali useremala, lakini karoti atazijali. Simama kando ya bega lake la kushoto, mshawishi aifuate karoti mpaka ubavuni, ahesabiwe kumi, apewe. Fanya hivyo kila asubuhi akitoka tu bandani, kabla ya jambo lingine lolote.

Kaka yako hajui kitu. Anakula, anakoroma, anavaa mkanda wa mgongo pale tu nikimkumbusha.

Wifi yako wa hospitali

*

Jumatano, 19 Machi

Wifi,

Umenipoteza.

Nimefanya ulivyosema siku sita, saa kumi na mbili na nusu, baridi inauma, akitoka tu bandani. Siku ya kwanza alinyakua karoti na kidole. Siku ya tatu alijipinda kidogo, nikafurahi. Siku ya nne mguu wa nyuma wa kushoto ukaanza kuchukua hatua fupi. Jana nilipomkaribia na karoti alirudi nyuma hadi ukutani. Farasi kukimbia karoti, wifi! Nimekuwa wa kwanza duniani.

Kocha ananiita Daktari wa Karoti. Leo ameitundika ile kamba kwenye mlango wa banda la Meneja, akaiacha ining'inie hapo niione kila ninapopita. Na nakuambia ukweli kwa kuwa wewe si mtu wa kunisema: leo niliishika.

Sikumfunga. Lakini niliishika.

Wifi yako

*

Alhamisi, 27 Machi

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kosa ni langu, na ni kosa la kijinga kiasi kwamba nimecheka na kulia.

Chumba changu kiko mwisho wa jengo. Mgonjwa anatoka wodini, anapita korido ndefu, anapanda ule mteremko wa viti vya magurudumu, anapumzika, anapanda tena. Akifika kwangu amekwisha tembea robo saa na uso unang'aa jasho. Miaka tisa nawapokea wakiwa wameshapata moto, nikadhani ni mikono yangu inayowalegeza. Kumbe nusu ya kazi inafanywa na korido. Wewe nimekwambia umnyooshe mzee aliyetoka kitandani. Nisamehe, na umwombe radhi Meneja kwa niaba yangu.

Sasa sikiliza vizuri. Mpumzishe siku tatu, awe anatembezwa tu. Kisha anza upya hivi. Dakika ishirini za kutembea, usipunguze hata moja. Hatamu ziwe ndefu, ashushe kichwa mpaka pua inanusa mchanga, mgongo uinuke wenyewe. Halafu mchakamchaka mwepesi kwenye maduara makubwa, makubwa kabisa, na uanze upande wa kulia anaoupenda. Badilisha upande kabla hajachoka. Kushoto usiombe mengi; akikupa kidogo, mwachie hatamu hapohapo ajue umeona. Na usimkalie kwa uzito mwanzoni, inuka kidogo kwenye vikuku vya kukanyagia. Ukimsikia anapuliza pua mara tatu, pumzi ndefu, jua mgongo umefunguka. Karoti zije mwisho, mwili ukiwa na moto.

Usiniulize nimeyajuaje. Ninasoma.

Na ile kamba itoe mlangoni. Ifungie tanki la maji.

Wifi yako

*

Jumanne, 8 Aprili

Wifi weee!

Amepuliza! Mara tatu! Nilikuwa kwenye duara la kulia, mvua imetoka kunyesha, mchanga unanukia, nikasikia prrr, prrr, halafu ya tatu ndefu mpaka mabega yake yakatikisika chini ya magoti yangu. Mgongo ulipanda chini yangu kama mkate unavyoumuka. Nikamwelekeza kushoto, sikuomba kitu, nikafungua mkono tu. Akaenda. Nakuapia, akaenda kama maji.

Kaka alikuwa akisema hivyohivyo zamani, habari ya kupuliza mara tatu. Naona mume wako anakuambukiza farasi usingizini.

Sasa nina mbinu yangu mwenyewe, utaipenda. Karoti simpi tena nikiwa chini, kwa sababu ananikanyaga. Tukimaliza kazi namsimamisha katikati ya uwanja nikiwa bado juu ya tandiko, nashika hatamu kwa mkono mmoja, nashusha mkono wa kushoto pembeni, na yeye anageuka mzima kuifuata karoti mpaka kwenye kiatu changu. Anatulia hapo nikihesabu kumi. Mwezi uliopita hakufika hata begani! Sasa hata nikiushusha mkono mtupu anageuka. Mwenye farasi alipita jana, akasimama kwenye uzio mpaka tukamaliza. Kocha naye alisimama. Hakuniita daktari.

Samaki mkavu naye hulowekwa, wifi.

Wifi yako mwenye furaha

*

Alhamisi, 17 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Usilewe sifa. Kila siku ya tatu apumzike. Siku ya mashindano fanya kama siku zote, dakika ishirini zilezile, hata wenzako wakupite mbio.

Kuhusu hiyo karoti ya juu ya tandiko sina la kusema, mimi si mtu wa farasi. Ila kuna mtu hapa amekunja uso. Nitakuandikia.

Wifi yako

*

Jumatatu, 5 Mei

Mdogo wangu,

Utaujua mwandiko. Barua yako ya pili niliikuta kwenye koti la kazi la wifi yako, nilikuwa natafuta funguo. Katika jibu alilokutumia, ya korido na kosa lile ni maneno yake. Yaliyofuata ni yangu. Yeye aliandika na mimi nilisema nikiwa nimemgeuzia mgongo, kama vile tunazungumzia majirani.

Kwanza la haraka. Acha leo hii kumpa karoti ukiwa juu. Fikiri: ukiingia uwanjani utamsimamisha katikati, utashika hatamu kwa mkono mmoja, utashusha mwingine kuwasalimu waamuzi. Farasi hasahau. Nimepiga simu ofisini kwenu mara mbili, akapokea kocha, nikakata. Aibu yangu, usiniulize. Kwa hiyo natuma karatasi na kuomba ikuwahi.

La pili limenikaa kooni miaka mitatu. Siku ile nilianguka, niliwaambia wote kwamba Meneja ana moyo mbaya. Siyo. Nilichelewa. Palikuwa na baridi. Sikumtembeza hata hatua kumi, nikamfunga kamba nikamtia kushoto kwa nguvu, na alipojikaza nikavuta zaidi. Hakunitupa. Aliteleza kwa sababu hakuwa na shingo ya kujishikia, tukaanguka wote wawili, na mimi nilikuwa juu yake. Nilimfunga hivyo mwaka mzima kabla ya siku hiyo, mapema, kabla hamjafika. Ubavu ule wa kushoto nimeuharibu mimi.

Kisha nikakuambia uchague kati yetu. Ulichagua vizuri.

Kaka yako

*

Jumapili, 11 Mei

Wifi yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Lori lililotubeba lilikwama kwenye tope. Tukafika zimebaki dakika thelathini na tano, baridi ya mvua, kocha anapiga makofi, "Haraka, haraka, mfunge umzungushe, hakuna muda wa matembezi!" Kamba anayo mkononi. Wenzangu wote kwenye uwanja wa mazoezi wanakimbia, videvu vifuani, povu linaruka. Nilipiga hesabu. Dakika ishirini za kutembea, nabaki na kumi na tano tu. Nikaziachia hatamu zikawa ndefu, tukatembea. Binti mmoja akanipita akauliza kama nimekuja kushindana au kumpeleka babu kliniki. Nikamjibu yote mawili.

Dakika ya kumi na nane akapuliza mara moja. Kwenye mchakamchaka ya pili. Ya tatu aliitoa mlangoni pa uwanja, kengele inalia.

Tukaingia. Mstari wa katikati, mnyoofu. Nikamsimamisha, miguu minne sawasawa kama meza mpya. Nikashika hatamu kwa mkono mmoja, nikashusha wa kushoto kuwasalimu waamuzi.

Utakuwa umeshajua. Mimi sikujua! Mwezi mzima nimemfundisha kitu kimoja na sikuona! Meneja akageuka. Kushoto, mzima, taratibu, kwa adabu zote, mpaka pua ikagusa kiatu changu. Akatafuta karoti. Akatulia hapo akingoja nihesabu kumi. Watu wakaanza kucheka, mwamuzi wa kati akavua miwani, na mimi nilitamani mchanga unimeze pamoja na viatu. Nikaona lori la Jumatatu. Kweli, nililiona kabisa, na mlango wake wa nyuma umeshushwa.

Kisha nikahisi ubavu wake chini ya mguu wangu, umelegea, una joto. Nikasema moyoni, huyu hajakosea. Amefanya nilichomfundisha, na amefanya vizuri kuliko siku zote. Nikamgusa shingo, akarudi mbele, akashusha pumzi ya mtu aliyedhulumiwa, tukaanza.

Wifi, sijawahi kupanda hivyo. Duara la kulia zuri, sawa. Duara la kushoto nilifungua mkono tu na nikamwacha. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia kwato kwenye mchanga mbichi na pumzi yake, basi. Alijipinda toka masikioni mpaka mkiani, akabadilisha upande, akarudi kushoto tena, na hapakuwa na meza wala ubao. Nilikuwa nalia na kuhesabu hatua kwa pamoja, ambalo si jambo rahisi.

Mwisho lazima usalimu tena. Nilijua atafanya nini. Nikashusha mkono hivyohivyo, na akageuka hivyohivyo, nikahesabu kumi kwa sauti, akiwa ameegemeza pua kwenye kiatu. Nilipofika saba watu walikuwa wanahesabu nami. Kumi ilipigiwa makofi.

Sitini na tatu kwa mia! Wa tatu kati ya kumi na mmoja! Salamu zote mbili tumepewa alama mbili kwa kumi, na mwamuzi wa kati ameandika chini ya karatasi: "Salamu mbovu. Shingo ya kushoto iliyo huru kuliko zote nilizoziona leo." Nimeikata sehemu hiyo, nimeibandika mlangoni pa banda, palepale palipokuwa na kamba.

Mwenye farasi alikuja akamtazama Meneja usoni muda mrefu. Akasema, "Kumbe ana shingo." Halafu akasema lori limefutwa, na kwamba nitaandaa na wale wengine wawili kuanzia wiki ijayo, kwa njia yangu. Kocha alisubiri watu waondoke. Akaniuliza, huku anaangalia kwingine, kama dakika ishirini hizo ni kabla au baada ya kufunga mkanda wa tandiko. Nikamweleza bila kumcheka. Nilimcheka baadaye, nikiwa na Meneja.

Laiti kaka angeona.

Wifi yako

*

Jumanne, 13 Mei

Kaka,

Barua yako imefika leo, siku tatu baada ya mashindano. Wifi atakuwa anasoma habari zake wakati wewe unasoma hii, kwa hiyo nenda ukamsikilize akicheka, kisha urudi.

Ulikuwa sahihi juu ya salamu. Ingeniwahi, tungepata alama kumi zaidi na hakuna mtu ambaye angejua shingo ile inafika wapi.

Lile la pili nimelisoma nikiwa nimeegemea mlango wake. Nimekasirika, sitakuficha. Kwako, na kwangu pia kwa sababu nilikuwa pale asubuhi nyingi na sikuuliza kwa nini farasi alikuwa anatoka jasho kabla ya kazi. Halafu nikamwangalia. Ubavu uliouharibu, kaka, Jumamosi umegeuka mara mbili mbele ya watu mia tatu, na uliyeutengeneza ni wewe, ukiwa umemgeuzia wifi mgongo. Mimi nilishika hatamu tu.

Sikuchagua farasi siku ile. Nilishindwa kuchagua, nikanyamaza, na wewe hukungoja. Sasa nasema: nawataka wote wawili.

Njoo.

Mdogo wako

*

Jumanne, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nakuja Jumamosi. Wifi yako anakuja pia, ila amesema atasimama nyuma ya uzio na nyuma yangu.

Usimtandike. Nitamtembeza mimi, kwa miguu, dakika ishirini, upande wa kulia kwanza. Mgongo wangu nao asubuhi haugeuki, kwa hiyo hatutaharakishana.

Tukishapata moto wote wawili nitasimama kando ya bega lake la kushoto na kumwomba radhi. Akitaka kugeuka, ageuke. Asipotaka, nitarudi Jumamosi inayofuata.

Karoti naleta mwenyewe. Nitampa nikiwa chini.

Kaka yako